Kupeleka Habari za Mwamba wa Pacha

Jumapili ile mliponizunguka nje ya kanisa mkitaka kujua safari ilikuwaje, niliwaambia nitaandika. Nilisema hivyo ili mniache niende nyumbani. Lakini mmoja wenu ameshanikumbusha mara mbili, na mwingine amenitumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko homilia ya padri, basi nimekaa mezani. Ninaandika kwa Kiswahili cha vitabu, kile nilichojifunzia pwani, kwa sababu nakala moja itaenda huko pia, na watu wa huko wakisoma Kiswahili chetu cha Lubumbashi watacheka kabla hawajasikiliza. Nikifika mahali tunapozungumza sisi kwa sisi, nitatuacha tuseme tunavyosema.

Ruashi hadi Kasumbalesa

Mnajua ninafundisha biolojia chuoni hapa mjini. Wachache wenu mnajua ninachokitafiti, na kosa si lenu, maana hata mimi nimechoka kukieleza kwenye harusi. Ninatafiti matumbawe. Ni wanyama wadogo sana wa baharini wanaoishi wengi pamoja na kujijengea mifupa ya chokaa, na mifupa hiyo, kizazi juu ya kizazi, ndiyo inayokuwa mwamba chini ya maji. Samaki hula pale, huzalia pale, hujificha pale. Kwa mtu wa mtaa wa Ruashi hapa Lubumbashi ambaye baba yake alitoka Mitwaba na babu yake alikuwa fundi wa reli, hiyo ni kazi ya ajabu. Ilitokea tu. Nilipata nafasi ya kusoma Tanzania, siku moja wakanivika miwani ya kuzamia na kuniingiza majini, na tangu siku hiyo sikuweza tena kufikiria kazi nyingine.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa katika kundi la watafiti waliotoka nchi mbalimbali. Tulifanya kazi katika kijiji kimoja kusini mwa pwani ya Tanzania, ambacho hapa nitakiita Rasini. Mbele ya Rasini kuna mwamba uitwao Pacha. Zamani uliharibiwa na wavuvi wa baruti, nasi tulikuwa tukifunga vipande vya matumbawe hai kwenye fremu za chuma ili ukue upya. Wanakijiji nao walikubali kuufunga: asivue mtu Pacha, asichokoe mtu pweza, mpaka samaki warudi. Kwa watu wanaoishi kwa pweza, jambo hilo si dogo. Walilikubali kwa kunyoosha mikono katika kikao, na mtu aliyekuwa akitafsiri maneno ya wataalamu ni mimi.

Mwaka huu bahari ilipata joto. Joto likizidi, matumbawe hupauka, yanakuwa meupe kama karatasi, na lisipopungua mapema yanakufa. Kiongozi wetu aliandika kutoka kwao Ulaya kwamba picha za setilaiti zinaonyesha pwani yote imechemka, kwamba Pacha bila shaka umekufa, na kwamba mradi umefungwa. Alitushukuru wote. Nikamuuliza ni nani atakayewaambia watu wa Rasini. Akajibu kuwa labda mtu angeweza kumpigia simu mwenyekiti wa kijiji. Namba ya mwenyekiti haikuita. Niliwaandikia wenzangu mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa tayari na kazi nyingine mahali pengine. Kiswahili, katika kundi lile, nilikuwa nacho peke yangu.

Yaya Astrid, dada yangu mkubwa, alikuja kunisaidia kufunga sanduku. Aliketi kitandani akazitazama nguo zangu.

"Sasa we unaenda kule kufanya nini? Kulia kilio ya mawe?"

Nikamwambia haiko mawe.

"Iko nini?"

"Iko bintu bya uzima, yaya. Bilikuwa bya uzima."

"Na bilikufa?"

"Nazani bilikufa."

"Donc iko kilio," akasema, yaani basi ni matanga, akaanza kunikunjia nguo moja moja, vizuri kuliko ninavyokunja mimi.

Niliondoka asubuhi ya baridi yetu ya mwezi wa sita, ile inayofanya watu wa Ruashi wajifunike mataulo kichwani wakienda kuchota maji. Katika taksi ya Kasumbalesa tulibanana watano. Kabla hatujafika mpakani tukaanza kuyapita malori. Mnayajua: yamejipanga upande mmoja wa barabara, yamebeba shaba, madereva wamelala chini ya matela. Nilikuwa nimeyapita maisha yangu yote bila kuyatazama.

Barabara ya Serenje

Zambia niliivuka kwa basi, au tuseme nilivuka nusu yake. Tulipopita Serenje kitu kilipasuka chini ya sakafu, moshi ukaingia ndani, na dereva akasimamisha basi katikati ya msitu. Aliingia chini yake, akatoka na mikono myeusi, akasema fundi anakuja. Alisema kwa sauti ya mtu asiyejua fundi anatoka wapi.

Tulishuka tukakaa kwenye majani makavu. Mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha kijani alitandika kitenge chake na kunionyesha mahali pa kukaa. Alijiita Mama Chanda, mfanyabiashara wa dagaa, anapeleka mizigo Nakonde mpakani mwa Tanzania na kurudi na nguo. Alizungumza Kibemba, mimi nikamjibu kwa Kibemba cha jikoni nilichokiokota kwa majirani zetu, na palipokwama tulitumia Kiswahili chake cha sokoni. Alitoa kwenye mfuko kitu kilichofungwa kwa plastiki, akakikata vipande. Kilikuwa kikanda, kilekile cha kwetu, cha mizizi ya porini na karanga, chenye pilipili nyingi. Nilipokiita kikanda alifurahi sana, akawatangazia abiria wote kuwa huyu wa Kongo si mgeni.

Kisha akaniuliza naenda kufanya nini. Nikatafuta neno la matumbawe kwa Kibemba, nikakosa. Nikasema naenda kuwaona wagonjwa walioko majini. Akatikisa kichwa kwa huruma. Baadaye nilimsikia akimweleza mwenzake, na kwa Kibemba changu kidogo nikaelewa kuwa nina ndugu waliozama baharini na naenda kutafuta miili yao. Nilitaka kumsahihisha. Lakini walishanitazama wote kwa macho ya pole, na mtu mmoja akanipa chungwa, nami nikaona kwamba sikuwa mbali sana na maelezo yale. Nikalimenya nikala.

Fundi hakuja siku ile. Tulilala ndani ya basi, na asubuhi dereva akatuambia anayeweza kujitafutia njia ajitafutie.

Ndani ya lori la shaba

Mama Chanda ndiye aliyesimama barabarani na kunyanyua mkono. Lori lililosimama lilikuwa na namba za Tanzania, na dereva wake, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu, aliitwa Hamisi, mwenyeji wa Tanga. Alikuwa akimfahamu Mama Chanda kwa safari za nyuma. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Lubumbashi, naye akacheka kidogo akaniambia hata mzigo wake unatoka huko. Nyuma yetu zilikuwa sahani za shaba zilizopakiwa si mbali na nyumbani kwangu. Basi tukaenda pwani pamoja, mimi na shaba, Mama Chanda katikati akisinzia begani kwangu.

Lori lililojaa haliendi. Milimani linapanda polepole kiasi cha mtu kushuka na kutembea kando yake. Tulipita Mpika, tukapita vijiji vya wauza mkaa na uyoga mkavu, na Hamisi alizungumza kama watu wanaokaa peke yao wanavyozungumza wakipata mtu, bila kungoja jibu. Mimi niliitikia. Mara moja nilimwomba asimame nitoshe sweta yangu kwenye sanduku nyuma, naye akaniuliza, kwa upole kabisa, kama sweta ilikuwa ndogo au kubwa. Tulibishana hivyo kwa muda. Kwetu kutosha ni kutoa, kwao kutosha ni kuenea. Tulipoelewana alicheka mpaka Mama Chanda akaamka.

Nakonde tulikuta foleni. Mama Chanda alishuka pale, akanikumbatia kwa nguvu, akaniambia nikiwapata ndugu zangu niwazike kwa heshima. Nikamwahidi. Alipoondoka, kibanda cha lori kilikuwa kikubwa ghafla.

Kwenye foleni ile siku hupita bila kitu. Lori linasogea urefu wake, linasimama. Ningeweza kuvuka kwa miguu na kupanda basi upande wa pili, na sijui kwa nini sikwenda mara moja. Hamisi alikuwa na jiko la mafuta chini ya tela. Alisonga ugali, mimi nikakaanga dagaa alioachiwa na Mama Chanda kwa nyanya na kitunguu. Nilipouita ule ugali bukari, akalirudia neno mara kadhaa kama anayejaribu kiatu. Tukiwa tunakula nikamweleza ninachokwenda kufanya, safari hii vizuri, tangu mwanzo. Nikamwambia ninachoogopa: pengine wameshaona wenyewe, pengine wameshaambiwa, na mimi nasafiri nchi tatu kupeleka habari iliyozeeka.

Alinawa mikono kwanza. Halafu akanisimulia kuhusu rafiki yake aliyekuwa akiendesha naye, ambaye aliugua tumbo hapo hapo Nakonde akafariki. Walimpigia simu mkewe siku ile ile. Hamisi alishusha mzigo Dar es Salaam, kisha akaenda Tanga kwa yule mama, ingawa matanga yalikuwa yameshaondoshwa.

"Simu ilikuwa imefika zamani," aliniambia. "Lakini yule mama hakuwa ameulizwa chochote na simu. Aliponiona ndipo akaanza kuuliza. Alikula nini mara ya mwisho, alisema nini, nani alimshika. Nilikaa naye mchana mzima nikijibu."

Nilichukua sanduku langu, nikamshukuru, nikavuka kwa miguu. Aliniangalia mpaka nilipopotea kwenye umati wa Tunduma. Nilijua kwa sababu nilipogeuka alikuwa amesimama juu ya ngazi ya lori, mkono umeshika mlango.

Kuteremka pwani

Sehemu hii nitaifupisha kwa kuwa niliipita nikitazama dirishani. Mbeya ilikuwa baridi kama kwetu. Baada ya hapo barabara inashuka, na kila inaposhuka unavua kitu kimoja, mpaka Dar es Salaam umebaki na shati linalokushika mgongoni. Huko nililala kwenye nyumba ya wageni ambako feni iligonga usiku kucha. Nilimwambia msichana wa mapokezi kwamba nataka kupika simu, maana kwetu kupiga husemwa kupika. Akanijibu kwamba hawaruhusu kupika vyumbani.

Kesho yake nikapanda basi la kusini. Kiti cha pembeni yangu kilikaa wazi njia nzima. Wakati mwingine nilijikuta nimejibana dirishani kana kwamba kuna mtu. Miaka iliyopita tulikuwa tukija njia hii sote, kundi zima, na vifaa vyetu juu ya gari, tukibishana muziki upi upigwe. Sikuwa nimewapenda kiasi hicho wakati ule. Nilishangaa nilivyowakumbuka.

Rasini

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Zaina. Ni mama wa makamo, kiongozi wa wanawake wachokoa pweza, mwenye sauti ya chini ambayo watu hunyamaza ili waisikie. Miaka yote nilipokuwa Rasini nilikaa kwake. Nilimkuta uani akikuna nazi. Hakusimama. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akasubiri kuona kama kuna wengine.

"Uko peke yako, Mama Kongo?"

Nikasema niko peke yangu. Akanisogezea kigoda.

Ndipo nikaelewa kwamba habari ilikuwa imefika na haikuwa imefika. Waliuona mwamba ukibadilika. Wakati wa joto Pacha ulikuwa mweupe wote, unang'aa hata ukiutazama kutoka kwenye mashua. Watu walifurahi. Walidhani hiyo ndiyo kazi yetu, kwamba mwamba umesafika, umekuwa mpya, na samaki sasa watajaa. Watoto walipelekwa kuuona. Kisha weupe ukaingia uchafu wa kahawia, samaki wakapungua, na maneno yakageuka. Sasa wako waliosema kwamba wazungu walimwaga dawa, dawa ikauchoma mwamba, na ndiyo sababu hawajarudi.

Bi Zaina alinieleza haya yote huku akikuna nazi, bila kuniambia yeye anaamini lipi. Aliponipakulia wali na mchuzi wa samaki tasi, alikaa kunitazama nikila. Nilipomaliza akauliza tu ni lini nitakwenda kuutazama. Nikamwambia kesho, nitapika mbizi kesho. Binti yake akauliza mbizi ni chakula gani. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, Bi Zaina alitabasamu.

Chini

Mitungi ya hewa iliondoka na mradi. Nilikuwa na miwani, mapezi ya miguuni na pumzi yangu. Shaibu, mvuvi aliyekuwa akitusaidia kufunga matumbawe kwenye fremu, alinipeleka kwa boti yake wakati maji yamekupwa. Alizima injini juu ya Pacha, akaniambia atanisubiri.

Mwamba ulio hai una kelele. Wengi hawajui. Ukizamisha masikio unasikia mkwaruzo na mdato wa kila upande, kama mafuta yanayokaanga kwenye sufuria kubwa: ni kamba wadogo wanaogonganisha makucha, samaki wanaotafuna, mambo ya nyumba yenye watu. Nilishusha kichwa majini nikasubiri. Nilisikia moyo wangu, na maji yakigusa boti.

Fremu zetu zilikuwa palepale. Kila kipande tulichokifunga, na vingi nilivifunga mimi kwa vidole hivi, kilikuwa kimevaa manyoya ya mwani wa kahawia. Nilipogusa, manyoya yakatoka, na chini yake mfupa. Nilikwenda fremu hadi fremu nikigusa. Yale matumbawe makubwa ya zamani, yale ya mviringo ambayo baruti haikuyaweza, nayo yalikuwa hivyohivyo. Samaki mmoja mdogo wa manjano alikuwa akizunguka juu ya tawi lake, akiingia na kutoka, akiingia na kutoka. Tawi lilikuwa limekufa naye hakuwa na pengine.

Nimezoea upweke wa kazi yangu. Nimezoea kurudi Lubumbashi na kutokuwa na mtu wa kumwambia nilichoona. Lakini pale, nikielea kifudifudi, nilijua kwamba waliokuwa wakijua Pacha ulivyoonekana ukiwa unakua wametawanyika duniani, na hakuna aliyetaka kuutazama. Miwani ilijaa maji kwa ndani. Niliinua kichwa nikayamwaga. Shaibu aliangalia upande mwingine.

Sikutaka kurudi ufukweni hivyo. Nikamwomba anipeleke upande wa kusini, kwenye mkondo mwembamba unaoukata mwamba, wanaouita Mlango. Hatukuwahi kufanya kazi huko, maji yake yana ukungu na yanavuta sana. Nilipoingia nikasikia baridi mapajani, maji yanayopanda kutoka kilindini. Nilishuka, nikapanda kuvuta pumzi, nikashuka. Na katika ule ukungu, kwenye ukuta wa Mlango, niliona matumbawe ya rangi ya udongo, mabonge mabonge, yasiyopendeza, ambayo mpiga picha hawezi kusimama ayapige. Nilisogeza uso karibu. Vinywa vyao vidogo vilikuwa wazi. Yalikuwa yakila.

Nilibaki nimeshika jiwe la pembeni nisisombwe, nikiyatazama mpaka pumzi ikaisha, nikarudi juu, nikashuka tena. Yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani mwanzoni, ingawa eneo lenyewe ni dogo. Nilipopanda botini nilimwambia Shaibu kwa maneno machache. Akaniuliza kama hayo yanaweza kuzaa. Nikasema yanaweza, yakiachwa, na ikiwa joto halitarudi kama lile. Akauliza kama litarudi. Nikasema naamini litarudi.

Kikao

Tulikaa kwenye ua wa shule, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine, baada ya swala ya alasiri. Nilisimama. Miaka yote nilikuwa nimesimama hapo nikisema maneno ya mtu mwingine. Nilipofungua mdomo nikasema "bantu" badala ya watu, kwa hofu, na vijana wakacheka. Nikawaacha wacheke, nikaanza upya.

Niliwaambia Pacha umekufa. Sikuanza na joto wala setilaiti. Niliwaambia ule weupe walioufurahia ulikuwa ugonjwa, kwamba mnyama wa tumbawe akizidiwa na joto anatapika kile kinachomlisha na kumpa rangi, na anabaki mweupe kwa njaa. Niliwaambia hakuna dawa iliyomwagwa. Niliwaambia joto limeua miamba ya nchi nyingine pia, hata ile ambayo hakuna mtu aliyeigusa.

Bwana Bakari alisimama. Ni mvuvi mwenye familia kubwa, na katika kikao cha kwanza alikuwa wa mwisho kunyoosha mkono. Aliongea taratibu, na ingekuwa nafuu kwangu kama angefoka.

"Tulifunga mwamba kwa maneno yenu. Watoto wangu wamekula mihogo mitupu ili samaki wenu wakue. Sasa unaniambia wamekufa kwa joto. Nani atanirudishia msimu ile?"

Alisema "msimu ile" badala ya msimu ule, na hakuna aliyecheka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya sayansi. Nikamjibu, "Hakuna, Bwana Bakari. Sina wa kukutajia."

Bi Zaina ndiye aliyeuliza, kutoka alipokaa, kwa ile sauti yake ya chini, wenzangu wako wapi. Nikasema hawakuja. Akauliza kwa nini mimi nimekuja. Nilikuwa na majibu marefu, nimeyatunga tangu Serenje. Likatoka fupi. "Ni mimi niliyewaambia mfunge," nilisema. "Maneno yalikuwa yao, lakini mdomo mliousikia ni wangu."

Kisha nikawaambia kuhusu Mlango. Nilisema wazi kwamba sina mradi nyuma yangu, sina mtu wa kuwalipa walinzi, na siwezi kuahidi lolote. Nilisema nilichokiona tu, na kwamba kama kuna mahali pa kuanzia Pacha tena, ni pale.

Walijadiliana bila mimi. Niliketi kwenye benchi la watoto wa darasa la kwanza, magoti karibu na kidevu, nikisikiliza Kiswahili kilichokuwa kikienda mbio kuliko uwezo wangu. Mwishowe mwenyekiti alisimama akasema Pacha umefunguliwa, avue anayetaka, na Mlango umefungwa, na safari hii wameufunga wao. Mikono ilipanda. Wa Bwana Bakari haukupanda. Alichukua ndala zake akaondoka, na siku zilizobaki tulipokutana njiani alinipita.

Asubuhi ya kuondoka Bi Zaina alinisindikiza mpaka kituo cha basi, amebeba mfuko wa pweza mkavu wa kunipa. Aliniuliza kama nitakuja tena mwakani. Nikamweleza kwamba mradi umefungwa, hakuna fedha za safari, chuo changu hakina—

"Sikuulizia mradi," akasema.

Basi lilikuwa limeshaanza kuunguruma. Nikamwambia nitakuja.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kwepesi, hakuna kilichoharibika. Nakonde nilitembea kando ya malori nikitafuta kofia ya sufu, sikuiona. Barabara ya Zambia tuliipita usingizini. Kasumbalesa afisa mmoja alinusa mfuko wangu akauliza iko nyama gani. Nikasema pweza. Akauliza pweza iko nini. Nilijaribu kumwonyesha kwa vidole, mikono minane, hana mifupa. Akaniruhusu kupita haraka ili nisiendelee.

Yaya Astrid alimpika yule pweza kwa nyanya kama bitoyo, samaki wetu wa chumvi, tukamtafuna kwa shida. Aliniuliza kama nilifika. Nikamweleza kidogo, akasikiliza, halafu umeme ukakatika na watoto wake wakaanza kugombana, basi akaenda kwake. Kesho yake chuoni hakuna aliyejua nilikuwa wapi. Niliingia darasani nikafundisha samaki wa ziwa Mweru, kwa kuwa ndio waliomo kwenye programu.

Jana jioni simu iliita, namba ya Tanzania. Alikuwa Bi Zaina, kwa simu ya binti yake. Tulisalimiana kwa urefu wa kule, habari za nyumbani, za kazi, za watoto ambao sina. Nilisikia kuku uani kwake. Akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia bukari na samaki wadogo wa Kasenga. Akaniambia kwake ni wali na mchicha, upepo ni mkali, mashua hazikutoka. Nikamuuliza kuhusu Mlango.

"Tumepita juzi," alisema. "Hatujui kuuangalia kama wewe. Tumeangalia tu."

Mtandao ukakata hapo. Nilipiga, simu haikuita tena. Nikakaa na simu mkononi, chakula kikapoa mbele yangu, nikakila hivyohivyo, chote.